Mpira Niliokata

Jumanne, 10 Juni
Asubuhi chanjo za watoto. Masikio bado yanalia. Alasiri kaletwa Masanja kwa pikipiki, kutoka porini kwenye mizinga yake ya nyuki. Shoka limemteleza, kajikata chini ya goti. Wenzake wamemkaza paja kwa mpira wa baiskeli, kama wafanyavyo wote huku. Tangu alfajiri. Mguu baridi, rangi ya majivu.

Mimi Mzaramo, yeye Mnyamwezi. Watani tangu babu zetu walipopishana na mizigo kwenye njia ya pwani. Nikamwambia Mnyamwezi bila mguu ni mzigo, si mpagazi. Nikaukata mpira. Kwa mkasi, mkato mmoja tu. Nikafunga kidonda, rangi ikarudi mguuni, mkewe Nyamizi akapiga vigelegele. Nikajiona bingwa, mimi mganga wa zahanati ya vyumba viwili.

Jioni: anahema kama kakimbia. Mapafu yanatokota. Oksijeni sina. Tunaondoka naye kwenda Tabora mjini.

Jumatano, 11 Juni
Daktari wa Tabora kauliza nani aliufungua mpira. Mimi. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Mguu uliokosa damu saa nyingi unazalisha sumu. Ukiufungua kwa mkupuo, sumu inapanda, mapafu yanaipokea, yanavimba, yanajaa maji. Mpira wa namna hiyo haukatwi zahanati. Mgonjwa aletwe nao ulivyo, na dripu, ufunguliwe penye oksijeni na watu wa kumwangalia.

"Hata mguu ungepotea," kasema, "mtu angebaki."

Miaka ishirini na mbili kazini. Mjinga mwenye mkasi.

Alhamisi, 12 Juni
Masanja kashusha barakoa ya oksijeni ili anitanie.

"Mzaramo, msibani kwangu uchekeshe watu. Usije ukalialia."

Nimemvalisha tena. Saa tisa alasiri amefariki.

Jumamosi, 14 Juni
Tumezika. Nimelala njiani kulizuia jeneza, ndiyo haki ya mtani. Nimeiga mwendo wake, na alivyokuwa akiwatukana nyuki. Watu wamecheka mpaka machozi. Kuhema kwake sikukuiga. Nyamizi kanishukuru kwa kumpigania mumewe. Nimezipokea shukrani. Najichukia.

Jumatatu, 23 Juni
Jana nilikwenda kumwambia Nyamizi yote. Kaendelea kupepeta mahindi. Nikaondoka bila kuagwa.

Leo nimeutundika ule mpira ukutani, chini yake karatasi: Uliokaa saa nyingi haufunguliwi hapa. Mgonjwa apelekwe hospitali nao.

Saa nne Nyamizi kaja. Kasoma polepole.

"Andika na jina lake."

Nimeandika. Nikaongeza na langu.