Mshale Uliowaka Nikiwa Naeleza

Mama Byera mpenzi,

Natumaini hapo Ijumbi mmeamka salama. Hapa Bukoba mvua ya ziwani haikatiki, na mimi nimekata tamaa.

Leo nilimpeleka dada yako Leokadia kwa daktari wa macho, kwa gari la Byera. Kwenye taa za njia panda nilitaka kukata kulia. Utaratibu ni huu: ikiwaka taa ya kijani ya duara, unawapisha kwanza wanaokuja mbele yako, ukiwaka mshale wa kijani, zamu ni yako. Nikasubiri mshale. Dereva wa bodaboda aliyekuja mbele yetu akanitambua, akasimama katikati ya njia panda.

"Shikamoo, Mwalimu. Pita, waitu," akaniambia kwa Kihaya cha heshima.

"Marahaba. Pita wewe, mwanangu. Mshale wangu bado."

"Nipite mbele yako, wewe uliyenifundisha kusoma?"

Nikashusha kioo, nikamweleza tofauti ya duara na mshale. Alisikiliza kwa adabu, bila kusogea. Nilipomaliza, mshale ulikuwa umewaka na kuzimika, na honi nyuma yetu zililia kama za harusi.

Tulikuta daktari ameondoka punde tu kwenda visiwani, na hakuna anayejua atarudi lini. Tulipofika Hamugembe dada yako akasema, "Shemeji, hata mimi niliuona ule mshale."

Ukisali jioni mtaje, maana macho yanazidi kufifia. Nawe usiloe ukianua kahawa.

Wako,
Baba Byera