Fundo la Kitaluni

Jumatano, 9 Julai

Sijui kuandika bila salamu. Maisha yangu yote nimeandika barua tu. Basi salamu kwanza, ingawa hizi hakuna wa kuzisoma. Salamu baba watoto, wewe na kikohozi chako. Salamu mama mkwe na goti lako la kushoto – la kulia najua halina neno. Salamu mapacha wangu, msigombanie kitanda cha dada yenu. Salamu mdogo wangu uliyebaki na miche peke yako kitaluni – maji asubuhi, usingoje jua likaze. Mimi sijambo. Na binti yangu yupo. Anapumua, namsikia.

Leo amefanyiwa operesheni. Wamemtoa ngozi nyembamba pajani, wakaipandikiza kwenye muundi, pale palipoungua. Wiki tatu sasa tangu lile pipa. Udongo wa miche tunauchemsha kwanza pipani, kuua wadudu. Nilimwita mimi. Njoo unishikie huku, mara moja tu. Likapinduka.

Tumewekwa chumba cha peke yetu, chenye kioo kikubwa upande wa korido. Nesi – namwita Miwani – kanipa masharti. Wa kumuuguza ni mmoja tu. Asiguse bandeji. Na akitoka harudi, mpaka jeraha lifunguliwe Jumatatu, asije akaingiza vijidudu. Nikasema sawa. Nitoke niende wapi, mwanangu yuko humu?

Naandika nyuma ya daftari lake la baiolojia. Mbele kumejaa maandishi yake, mazuri kama ya mashine.

Alhamisi, 10 Julai

Kutoka mlangoni hadi dirishani, hatua nane. Dirisha halifunguki. Nimejaribu mara mbili.

Ana mtihani, kwa hiyo nimekuwa mwalimu! Mimi niliyeishia darasa la nne. Nashika daftari, nauliza, anajibu huku amelala. Tishu ni seli za aina moja zinazofanya kazi pamoja. Kuna ya kufunika, kama hii ngozi ya juu. Kuna ya misuli, ya kuvuta. Ya neva, ya kupeleka habari. Na tishu unganishi, ya kuwashikilia wenzake wasisambaratike. Nikamwambia hiyo ya mwisho ni mimi. Akacheka. Mara ya kwanza tangu pipa.

Tukafika mimea, hapo nikampa mimi somo. Kubebesha miche nimefanya miaka kumi na saba. Unachukua kijiti cha mchungwa, unakibebesha kwenye shina la mlimau. Kijani cha chini ya gamba kikutane na kijani cha mwenzake. Akasema hicho kijani ndicho chenye kambiamu, mama, kinachozaa seli mpya. Zailemu inapandisha maji, floemu inagawa chakula. Kumbe vitu nilivyovikata kwa kisu miaka yote vina majina.

Daktari alipopita nikamwambia, kama hiyo ngozi haitoshi, chukueni yangu. Mapaja ninayo, asante Mungu. Akatabasamu. Akasema mwili wake ungeikataa, hata ya mama. Siku chache tu, kisha unaitupa kama kitu cha mgeni.

Mlimau unambeba mchungwa mgongoni miaka ishirini. Mimi niliyembeba huyu tumboni, ngozi yangu ni mgeni. Nimekaa na hilo neno mchana kutwa.

Ijumaa, 11 Julai

Bandeji ililegea. Niliiona asubuhi, karibu na kifundo cha mguu, inacheza akigeuka. Nikabonyeza kengele. Hakuja mtu. Nikabonyeza tena.

Mche ukichezacheza haushiki, nani asiyejua? Kwa hiyo nikaivuta, nikaizungusha, nikaifunga. Fundo letu la kitaluni, lile la kufungia miche kwa nailoni, halitoki hata kwa upepo. Akasema mama, inabana. Nikamwambia vumilia, ikibana ndiyo inashika.

Nikamfunika shuka, roho yangu ikatulia. Nililala mchana, mara ya kwanza humu.

Jumamosi, 12 Julai

Vidole vya mguu vimevimba. Baridi! Nilivishika asubuhi, kama nimeshika mabomba. Akasema vinamchoma sindano, halafu akaomba daftari. Akasoma kwa sauti, polepole, haniangalii: damu nayo ni tishu, ya majimaji, inapeleka hewa na chakula kila mahali.

Nikaelewa. Kitaluni nailoni ikisahaulika, shina hunyongwa, hujichora shingo pale ilipofungwa. Lakini mti unakupa miezi ya kukumbuka. Nikashika fundo nilifungue – mikono ikakataa. Na nikivuta ngozi ikatoka nayo?

Miwani akaingia na trei. Akaliona papo hapo. Akauliza nani kafunga hapa.

Nilifungua mdomo. Binti yangu akaniwahi.

“Ni mimi, nesi. Ilikuwa inaniwasha.”

Alisemwa! Msichana mkubwa, anasoma sayansi, anataka kukatwa mguu? Miwani alikata fundo kwa mkasi, akainua mguu kwa mito, akakaa anavibonyeza vidole mpaka vikapata joto. Akasema hajui ngozi imepata hasara gani. Mpaka wafungue.

Na mimi nimesimama hapo kama stuli.

Alipotoka nikamuuliza mwanangu kwa nini. Akasema, wangekutoa mama, nibaki na nani.

Jumapili, 13 Julai

Baba watoto alikuja upande wa pili wa kioo. Anapiga kelele kama yuko ng'ambo ya mto, na hasikiki. Kwa vidole akanieleza wote hawajambo, mapacha wamevunja kitu – sikujua nini. Akanyoosha dole gumba, akingoja nami ninyooshe. Nikanyoosha. Uongo mwingine.

Miwani kila akiingia anamwambia binti yangu, mikono yako nataka kuiona juu ya shuka. Mwanangu anaiweka juu. Ananitazama, ananikonyeza. Afadhali angenitukana.

Kukaa siwezi, kutoka sitaki. Nikisema, wananitoa. Nisiposema, mtoto anabeba langu. Alishabeba pipa.

Jioni daktari alipopita nikasema. Nilianza na salamu, nikazunguka, nikafika kwenye miche, nikashindwa kurudi. Alisubiri tu. Mwisho nikasema fundo ni langu, daktari, mtoto hana kosa, mimi ndivyo ninavyofunga kazini. Akaniuliza nilifunga saa ngapi hasa. Asubuhi ya Ijumaa, nikamwambia. Akahesabu kimoyomoyo. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Miwani akaniletea viatu vyangu.

Binti yangu hakulia. Akasema, kaa pale kwenye kioo nikuone. Wakifungua, kama ngozi ni ya pinki, imeshika, nitakupungia vidole vya mguu. Nikamuuliza kama siyo. Akasema, mama, nenda.

Jumatatu, 14 Julai

Niko kwenye benchi la korido. Daftari kaniachia, anasema yote anayo kichwani. Huku nje mlango uko wazi, watu wanapita, na mimi siwezi kusogea hata hatua moja kutoka kwenye hiki kioo.

Wameingia watatu. Daktari, Miwani, na mwingine wa kushika taa. Nauona uso wa mwanangu, unatazama dari. Midomo inatembea. Anarudia tishu, namjua.

Bandeji ya juu imetoka. Miwani anamwagia maji, ili ya chini isivutane na ngozi. Taratibu. Sawa, nesi. Taratibu hivyo hivyo.

Sasa daktari ameinama. Mgongo wake umeziba mguu wote. Miwani amevua miwani, anaifuta, anaivaa tena. Hiyo ni nini? Ni maji yamemrukia, au ni nini?

Mwanangu ameacha kutazama dari. Ameinua kichwa, anautazama mguu wake.

Sogea kidogo daktari, tafadhali, baba. Nawe mwanangu, habari yoyote, nzuri au mbaya, nitumie upesi. Hata kidole kimoja. Hata kile kidogo.