Bunduki ya Kuangushia Tufaha

Donji Jasenak, 3 Juni 1979

Mwanangu Desanka,

Pokea salamu za baba yako. Mimi mzima, ila goti linanung'unika mvua ikikaribia. Ng'ombe amezaa, dume. Wewe je, kile kifua kimeachia? Majirani wote wanakusalimu, na Milunka wa posta zaidi, maana bahasha zako anazipapasa kama mtu anayechagua nyanya.

Nimesoma barua yako. Kumbe mnaoana, Jumapili ya tarehe kumi na nne Oktoba. Hukuniuliza, umeniarifu. Haya. Huyo Rajko nimemwona mara moja tu, Pasaka ya mwaka juzi. Alikula vizuri, akasema kidogo. Huko si kumjua mtu.

Basi sikiliza. Ile bunduki ya upepo nimeishusha kutoka darini. Chuma chake kizima, lakini kitako chake cha mbao kimekuwa cheusi kwa moshi na vanishi imepasukapasuka. Nitaibandua yote nikipake rangi upya. Kisha nitasimamisha mlingoti langoni, tufaha juu, kama desturi yetu. Bwana harusi alipige mwenyewe, si kaka yake wala mshenga. Asipoliangusha, lango halifunguki. Wengine hulifanya jambo hili mchezo, chupa mbili za pombe ya rakia na lango liko wazi. Mimi sichezi.

Baba yako,
Sreten

Linz, 17 Juni 1979

Shikamoo baba,

Natumaini goti limetulia. Mimi mzima, kifua kimepona, na kiwandani wametuongezea mapumziko ya mchana. Rajko anakusalimu sana.

Baba, nakuomba jambo moja. Tuliache hilo tufaha. Siku hizi hata huko kwetu wengi wameliacha. Au basi kaka yake Rajko apige, yeye amezoea kuwinda. Rajko ni fundi wa madirisha, bunduki si kazi yake. Njoo tucheze, tule, tukuone ukitabasamu hata mara moja. Mama angependa hivyo.

Mwanao,
Desanka

Donji Jasenak, 1 Julai 1979

Mwanangu,

Salamu. Mimi mzima, nyasi nimekata, mawingu yakanicheka.

Hapana. Apige mwenyewe.

Kitako sasa kiko uchi. Nilikipaka magadi makali, vanishi ikavimba ikatoka kama utando wa maziwa yaliyochemka, nikakisuuza kwa maji na siki. Yaliyobaki niliyakwangua kwa kipande cha kioo, kama babu yako alivyonifunza. Pale ulipokibamiza ngazini ukiwa mdogo pamebonyea. Nimeweka kitambaa kibichi na pasi ya moto juu yake, mbao imekunywa mvuke ikainuka. Chini ya weusi wote ule mbao ni nyeupe kabisa, huwezi kuamini.

Umemtaja mama yako, nami nitamtaja. Baada ya kiharusi nilimwosha, nikamlisha, nikamgeuza kitandani, miaka saba. Sikulalamika na sijutii, nilimpenda. Lakini wewe ulikuwa unapita mlangoni na beseni, msichana wa miaka kumi na tano, na niliapa palepale kwamba mwanangu hatarudia maisha hayo. Nataka mkwe mwenye jicho na mkono. Tufaha la mama yako nililiangusha kwa bunduki hiihii, baba yake akanitazama akasema, huyu ataweza. Nami nataka kumtazama wako niseme vivyo hivyo. Kama siwezi kusema, heri ulie siku moja kuliko miaka yote.

Baba yako

Linz, 20 Julai 1979

Shikamoo baba,

Sisi wazima. Joto la huku linayeyusha lami.

Sitabishana nawe tena. Ila maadamu mbao iko uchi, nina ombi dogo. Kile kivimbe cha kuegemeza shavu, kilicho upande wa kushoto wa kitako, unaweza kukichonga pande zote mbili zikawa sawa? Rajko anasema hupendeza zaidi. Ni kwa ajili ya sura tu.

Mwanao,
Desanka

Donji Jasenak, 5 Agosti 1979

Desanka,

Mimi mzima.

Kitako cha bunduki hakichongwi kwa ajili ya sura. Shavu liko kushoto kwa sababu mtu huweka bunduki bega la kulia akalenga kwa jicho la kulia. Anayetaka pande zote zilingane ni anayelenga kwa kushoto. Rajko alipokuwa hapa alikata mkate kwa mkono wa kulia, akamimina rakia kwa mkono wa kulia. Mimi ni mzee, si mjinga.

Nitumie picha yake. Si ya zamani. Ya sasa.

Baba yako

Linz, 19 Agosti 1979

Shikamoo baba,

Picha hii hapa. Unaona mwenyewe.

Ilikuwa Februari. Msumeno wa mashine ulirusha kibanzi, kikaingia jicho la kulia. Madaktari walijaribu, likafa. Alinikataza nisikuambie, akasema atakuambia yeye, kisha kila Jumapili anakaa na karatasi mbele yake na haandiki kitu. Nami nikanyamaza kwa sababu nakujua, baba. Nilijua utasema: beseni lingine.

Si beseni. Amerudi kazini tangu Aprili. Wiki za kwanza alinimiminia kahawa nje ya kikombe, tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Sasa hamwagi hata tone. Jioni anasimama jikoni na mpini wa ufagio kwenye bega la kushoto, analenga kitasa cha kabati. Mtu mzima, baba, na ufagio! Anajua hukumu yako na bado anataka kuja kupiga. Mimi ndiye ninayeogopa. Naogopa kumwona amesimama mbele ya kijiji kizima, anakosa na kukosa, na watu wanaanza kunong'ona.

Nampenda. Simwongozi kwa mkono, natembea naye. Kama lango halitafunguka, niambie sasa.

Desanka wako

Linz, 16 Septemba 1979

Shikamoo baba,

Natumaini ni kazi za shamba tu zinazokunyima nafasi. Nilimpigia Milunka posta, akasema barua yangu ulipewa mkononi, ukaisoma palepale umesimama, ukaondoka bila kuaga na kofia ukaisahau mezani.

Nimekata tiketi ya treni ya Alhamisi, tarehe kumi na moja. Rajko na watu wake watafuata Jumapili. Lakini kama mwisho wa mwezi utapita bila neno lako, sitapanda treni. Tutaoana hukuhuku, mashahidi wawili na karani. Sitamleta mtu ninayempenda asimamishwe nje ya lango lililofungwa.

Nilikuwa nalia nikiandika hii, sasa nimeacha.

Desanka

Donji Jasenak, 24 Septemba 1979

Mwanangu,

Mimi mzima. Panda treni.

Mlingoti nimeusimamisha. Ni mrefu kama wa watu wote, sikuufupisha na sitaufupisha. Kuhusu lango sisemi kitu kwenye karatasi. Kitako nimekipaka rangi ya maganda mabichi ya jozi, na mafuta ya kitani kwa kiganja, tabaka juu ya tabaka. Hayajakauka, usije ukakishika ukifika. Vitambaa vya mafuta nimevitandaza uani visije vikawaka vyenyewe, maana jirani yetu Obrad aliviacha vyake vimekunjwa na sasa hana banda.

Leta koti, kuna baridi.

Baba yako

Linz, 4 Novemba 1979

Shikamoo baba,

Tulifika salama. Ile nyama ya moshi uliyotufungia ililiwa na behewa zima. Mimi na mume wangu wazima.

Baba, ananitia wazimu. Nilikuwa chumbani na wanawake, mapazia yamefungwa, shangazi kanishika mikono yote miwili. Nilisikia tarumbeta, kisha zikanyamaza zote kwa pamoja. Kimya kile kilikuwa kirefu mno, nikadhani umemfukuza. Kisha nikasikia risasi mbili, na vicheko, na risasi tena, na mara lango likalia. Nikimwuliza Rajko kilichotokea anasema, "Muulize baba," kisha anakwenda dirishani na kutazama nje. Sasa nauliza. Ulimwambia nini?

Mwanao,
Desanka

Donji Jasenak, 18 Novemba 1979

Wanangu,

Salamu kwenu wote wawili. Mimi mzima, goti ni lilelile. Rakia ya mwaka huu imetoka kali, nimewawekea.

Unauliza nilisema nini. Nilisema kidogo sana.

Kwanza ujue kwamba barua yako ya Agosti ilinikasirisha, nikakitupa kitako chini ya benchi kikalala huko. Kama ulivyosema, niliona beseni lingine, kweli. Kisha siku moja nilijifunga kitambaa kwenye jicho la kulia nikaenda uani, bunduki bega la kushoto. Shavu langu lilitafuta pa kulala likakosa. Jicho likawa linatazama kando ya mtutu, nikapiga pipa la Obrad badala ya kopo. Nikasema, kumbe si mtu mbovu, ni kitako ndicho hakikuchongwa kwa ajili yake.

Nikakibana kwenye jiliwa nikakata shavu la zamani, nikalainisha. Upande wa kulia nikagundisha kipande cha ule mjozi wa mama yako ulioangushwa na barafu, nikakichonga kwa patasi. Obrad alinishauri niache mashavu mawili, kulia na kushoto, ili nami niweze kuitumia. Nikamwambia kitako cha mashavu mawili ni cha fundi asiyejua anamtengenezea nani. Rangi haikushika sawasawa. Kipande kipya ni cheusi kuliko mbao nyingine na kiungo kinaonekana. Sikukificha.

Jumapili ile nikampa bunduki mkononi. Alipitisha kidole gumba juu ya kile kipande, akakiona, akanitazama. Wapiga tarumbeta wakiwa wanatupasua masikio, akapaza sauti juu yao: "Baba, jicho la kulia sina! Lilikufa Februari!" Hapo ndipo tarumbeta ziliponyamaza. Kijiji kizima kilisikia, hata shemasi. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nilimjibu, "Najua. Piga."

Risasi ya kwanza ilipotea. Ya pili iligonga bomba la moshi la Obrad, ndipo watu walipocheka, na yeye Rajko akacheka nao, akapakia tena. Nikamtazama nikasema moyoni, huyu ataweza. Nikavuta komeo la lango. Risasi iliyofuata ndiyo iliyoangusha tufaha, lakini komeo lilikuwa limeshatoka, na yeye aliliona likitoka. Nadhani hilo ndilo linalompeleka dirishani.

Sasa mimi ndiye niliyepata hasara. Bunduki siwezi tena kulenga nayo, naweka shavu nakuta upepo mtupu. Kunguru wamelijua hilo, wanaketi juu ya ghala na kunilia jozi mbele ya macho yangu. Mwambie Rajko aje Krismasi. Bunduki inamngoja mlangoni, na risasi nimenunua.

Baba yenu,
Sreten