Tiketi Zilizofungwa kwa Salamu

Jumatatu, 1 Machi 2004

Leo ndiyo leo. Dawati la msaada la kampuni yetu ya intaneti limeanza – meza yangu, simu ya mezani, kompyuta, na benchi la wateja tulilolitoa stoo. Bwana Nizar, bosi wetu, kanipa mwezi huu tu. Malalamiko ya wateja yakipungua, dawati linabaki na mimi nabaki nalo. Yasipopungua, narudi mapokezi kukaribisha wageni na kuagiza chai. Nimeagiza chai miaka sita. Sirudi.

Utaratibu ni huu, niuandike nisije nikababaishwa. Mteja mtandao ukimkatikia, anapiga simu dawatini, siyo kwa fundi. Namwandikia tiketi kwenye kompyuta. Tiketi ina namba. Fundi anakwenda kwa kufuata namba, akimaliza tiketi inafungwa. Hakuna tiketi, hakuna gari. Mfumo wenyewe nimeushusha bure mtandaoni, nikaufundisha Kiswahili kidogo.

Zamani – yaani mpaka Ijumaa iliyopita – ilikuwa hivi: unamjua Lemburis? Basi una mtandao. Humjui? Subiri. Lemburis ndiye fundi wetu mkuu, na namba yake iko kwenye simu za nusu ya mji. Leo kaitazama karatasi niliyobandika ukutani, akasema nimemgeuza kondakta. Nikamwambia afadhali kondakta, anawajua abiria wake wote. Hakucheka.

Kwaresima hii nimejinyima hasira. Siyo sukari, hasira. Mungu anisaidie.

Jumatano, 3 Machi

Watu hawataki namba. Wanataka mtu. Mzee mmoja wa Kijenge kauliza hiyo tiketi ni ya kwenda wapi. Mama mwingine kasema namba alishapewa hospitali na anajua mwisho wake.

Halafu shemeji Abdiel, mume wa dada yangu Fransiska. Ana duka la vipuri, mtandao wa dukani umekufa. Eti namba za nini kati ya mtu na shemeji yake. Nikampa namba 19. Akasema basi atampigia Lemburis. Nikamwambia funguo za gari ziko kwangu. Akakata simu.

Jioni dada kanipigia. Nimemvunjia mume wake heshima, na Krismasi nilikula pilau yake. Pilau nilikula, tena niliongeza. Lakini wale waliomtangulia kwenye foleni nao wana mashemeji.

Ijumaa, 5 Machi

Lemburis kaenda Olasiti kwa pikipiki ya rafiki yake, bila tiketi. Mteja alimpigia yeye moja kwa moja. Nilimngojea mlangoni. Nilisema kwa upole, nadhani. Yeye akasema watu wanampigia kwa sababu wanamfahamu. Akifika wanaulizana habari za ng'ombe na za watoto, na namba haiulizi mtu habari za watoto.

Hapo alinipata kidogo. Lakini nikamuuliza, na asiyekufahamu je? Yule aliyehamia juzi, hana ndugu hapa mjini?

Tumekubaliana. Atafuata namba. Nami nimemwongezea kitu: yale matatizo anayoyamalizia hapa hapa ofisini kwa kuzima na kuwasha mtambo wa mnara, ampigie mteja, amsalimie, amuulize hali. Hali ikiwa nzuri, afunge tiketi. Salamu zake asizikose. Nimeyaandika kabisa kwenye karatasi ya ukutani. Wazo hilo limenifurahisha kuliko inavyostahili.

Jumatatu, 15 Machi

Masika yamekuja na radi. Jumamosi usiku ilipiga upande wa mlimani, na leo simu imelia tangu nafungua mlango. Nimeandika tiketi mpaka vidole vikauma.

Lemburis kazima mtambo, kauwasha, kakaa na simu asubuhi nzima. Namsikia kutoka hapa. Shikamoo mzee. Habari za huko? Na mtandao? Nzuri? Haya, tunashukuru, siku njema. Anafunga, anapiga nyingine. Vocha ni ya kampuni na Bwana Nizar ana jicho kali kwa vocha, kwa hiyo hapotezi muda.

Mchana Bwana Nizar kaja kusimama nyuma yangu. Tiketi zilizo wazi zinapungua, anaziona kwa macho yake. Kauliza habari za dawati. Nikasema nzuri, bosi. Kaagiza sambusa.

Alhamisi, 18 Machi

Mvua. Tiketi zilizo wazi: hakuna hata moja. Simu iko kimya, nimeifuta vumbi. Nafikiri benchi la wateja lishonewe mto.

Jumamosi, 20 Machi

Nimetoka sokoni Kilombero na nyanya zimepondeka kwenye kikapu kwa sababu nilikaa juu yake. Nilikaa kwa mshtuko.

Nimekutana na Mama Tabea Sumari. Ana chuo kidogo cha ushonaji Nkoaranga, ni mteja wetu tangu mwaka jana. Viatu vyake tope mpaka kwenye kifundo. Nikampa shikamoo, akaitikia, tukaulizana habari za nyumbani, za kazi, za mvua. Zote nzuri. Tukatembea mpaka tukapita wauza vitunguu. Ndipo akasema amekuja mjini kusoma imeili kwenye kafe ya intaneti.

Nikamuuliza kwa nini aje mpaka mjini. Akasema, kwa sauti ile ile ya kuulizia vitunguu, kwamba kwake mtandao haujarudi tangu radi ile.

Tiketi yake imefungwa! Niliiona mwenyewe imefungwa.

Nikamuuliza kama fundi hakumpigia. "Alinipigia, mwanangu. Kijana mzuri. Akaniuliza habari za huko na za mtandao, nikamwambia nzuri."

"Lakini mama, mtandao haupo."

"Sasa ningemjibu mbaya? Hata hatujamaliza kusalimiana. Nilikuwa nasubiri aulize tena. Akakata simu."

Hapo ndipo nilipokalia nyanya.

Siyo jambo la mchezo. Kuna mnunuzi wa Denmark anataka mikoba yake ya kitenge, wanaandikiana kila siku rangi na vipimo. Ameshamwambia Mama Tabea kwamba mwisho wa mwezi huu akiona majibu bado yanachelewa, kazi ataipeleka kwa wengine. Vitambaa vimeshakatwa. Wasichana kumi na wawili wamekaa na cherehani, na mama huyu anashuka mlima kwa miguu kwenye utelezi ili asome barua.

Na mimi nataka kushona mto wa benchi.

Jumatatu, 22 Machi

Nimewapigia wote. Kila tiketi iliyofungwa kwa simu baada ya radi. Nimesalimia, nikajibiwa nzuri, halafu nikanyamaza. Hiyo tu. Sikuuliza kitu. Ukinyamaza, mtu anakohoa, anasema "ila tu", na baada ya "ila tu" ndiyo unapata habari yenyewe. Ila tu haufunguki. Ila tu tumechomoa waya wake, umeme tumerudishia pasi. Zaidi ya nusu hawana mtandao. Shemeji Abdiel mmojawapo, naye alikuwa kamwambia Lemburis nzuri sana.

Nilimfuata Lemburis na karatasi mkononi, na hasira niliyojinyima yote imerudi. Nikamwambia amenidanganya. Hakupandisha sauti. Akasema mzee wa watu akishakuambia nzuri, yeye ni nani ambishie, kwao mtu habishi salamu ya mzee, hata ofisi ikimwagiza. Halafu akaonyesha ukutani. Karatasi yangu. Mwandiko wangu. Piga, salimia, uliza hali, ikiwa nzuri funga.

Nimeibandua.

Tena hata mimi. Bwana Nizar aliniuliza habari za dawati, nikasema nini?

Nimezifungua upya zote. Kubonyeza tu, lakini mkono ulikuwa mzito. Ripoti yangu iliyokuwa safi sasa ni nyekundu juu mpaka chini, na mwezi unakwisha. Nimempelekea Bwana Nizar kabla hajaiona mwenyewe. Akasema nimeiharibu kwa mikono yangu. Nikamwambia ndiyo. Akasema tarehe 31 ni tarehe 31. Nikamwambia najua.

Ninaogopa. Naandika hapa kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Lakini tiketi ya uongo sitaifunga tena, hata kama nitaagiza chai mpaka nistaafu.

Ijumaa, 26 Machi

Lemburis sasa anajua kunyamaza. Kumbe kunyamaza anakuweza kuliko mimi! Anasalimia, anangoja, anatazama dari. Leo kangoja mpaka mteja akamweleza na ugonjwa wa mbwa. Tiketi ikafungwa kwa haki, mteja mwenyewe kasoma kwa sauti kilichoandikwa kwenye kompyuta yake.

Kila siku tiketi zinapungua. Shemeji katengenezewa kwa namba yake, wala hakunishukuru, dada ndiye kashukuru. Nkoaranga bado. Ndiyo iko juu kabisa sasa, lakini jana gari lilikwama kwenye utelezi chini ya kilima likarudi. Leo mvua tena. Mama Tabea kasema habari nzuri, na ila tu yake imekuwa fupi zaidi. Hilo linaniuma.

Jumatano, 31 Machi

Asubuhi jua limetoka, mlima Meru wote uko wazi mpaka kileleni. Njia itakuwa imekauka kidogo. Nikampa Lemburis funguo na tiketi ya Nkoaranga. Alikuwa anapakia ngazi na antena mpya, Bwana Nizar akatoka ofisini na simu sikioni. Rafiki yake Harpreet, yule wa ofisi kubwa ya utalii, mteja wetu mkubwa kuliko wote, amekatikiwa na mtandao na wageni wamejaa. Gari liende kwake kwanza. Nkoaranga mchana.

Mchana kuna mawingu, na mvua ikishuka njia haipandiki. Kila mtu hapa anajua mchana kuna mawingu.

Kabla sijasema kitu, Lemburis kauliza, ngazi begani: "Bosi, tiketi yake namba ngapi?"

Bwana Nizar akasema hana namba, ni Harpreet. Akanigeukia. Nikakaa, nikaandika tiketi. Nikamwambia yake ni 143, na mbele yake wako wawili. Nikasema na mnunuzi wa Mama Tabea anaamua leo, na mimi pia naamuliwa leo, kwa hiyo akitaka kuamua sasa hivi aamue, lakini gari linafuata namba.

Lemburis akawasha gari taratibu kabisa, kama mtu anayeomba ruhusa, na hakuna aliyemwita arudi. Bwana Nizar akabaki amesimama. Halafu akakaa kwenye benchi la wateja. Simu yake inalia, anaitazama, haipokei.

Tangu wakati huo amekaa. Nimempa chai. Hiyo nimeagiza mwenyewe kwa kupenda.

Na sasa simu yangu inalia. Lemburis, yuko juu ya paa la chuo, sauti inakatika na upepo. Kasema antena amefunga, taa anaziona, lakini taa siyo mteja. Anamshushia Mama Tabea simu.

Naandika simu ikiwa begani. Shikamoo mama. Marahaba, mwanangu. Habari za huko? Nzuri, tunamshukuru Mungu. Na mtandao, mama? Nzuri.

Bwana Nizar kasimama. Kaisikia ile nzuri, anatikisa mkono, funga, funga, gari lirudi. Kidole changu kiko kwenye kitufe cha kufunga tiketi. Nimeinua mkono mwingine kumzuia na kalamu ikiwa humo humo.

Nimenyamaza. Nasikia cherehani zikienda nyuma yake, kisha zimesimama zote. Anakohoa.

Nangoja ila tu yake.