Sauti ya Baba ya Saa Kumi na Mbili

Nyumba ya kona, nyuma ya karakana,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa kaka,

Hujambo huko baridini? Wifi yangu hajambo, na wale wanao wawili wanaonijua kwa picha tu? Mgongo je, umepoa, au bado unabeba mizigo bila kuomba msaada, kichwa ngumu wewe? Sisi tunapumua, tunamshukuru Mungu. Mama ana mafua lakini anakataa, eti ni vumbi. Mimi ni mzima na nimeongezeka mwili, usiulize kiasi gani.

Nimeshika kalamu badala ya simu kwa sababu ukuta wa chumba cha baba unaujua ulivyo mwembamba. Kiharusi kilimchukua ulimi, masikio kikamwachia, na lolote nitakalolisema jikoni yeye analo.

Ule mwezi redio ilipohamia kwenye mtandao ulitutumia ujumbe wa furaha. Ulisema sasa unaisikia stesheni ya nyumbani safi kabisa, kama uko chumba cha pili. Sikukujibu, ukadhani nimenuna. Sikununa, kaka. Ni kwamba siku hiyohiyo walizima mitambo ya zamani, na huku kwetu pakawa kimya.

Unakumbuka baba alivyokuwa akifungua matangazo? "Amkeni, kumekucha. Anayesikia amwambie asiyesikia." Alipostaafu waliendelea kuicheza sauti yake kwenye kanda, kila siku saa kumi na mbili asubuhi, hata baada ya kuugua. Wewe ulikuwa umeshaondoka, kwa hiyo hukuona mambo yalivyokuwa humu ndani. Aliamka kabla yetu sote, akafunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja hadi shingoni, akaketi mbele ya redio, dirisha wazi. Sauti ikitoka, naye anachezesha midomo pamoja nayo. Na haikutoka kwetu tu. Ilitoka kwa fundi cherehani wa mlango wa pili, ikatoka kwa muuza maziwa, ikatoka kwa yule mwalimu mgomvi wa ghorofani. Fundi alikuwa akiitikia kwa sauti kuu, "Tumeamka, Mzee Kumekucha!" Baba anacheka kwa upande ule wa uso unaoweza kucheka. Hujafa hujaumbika, kaka: mtu asiyeweza kuomba maji ya kunywa alikuwa anauamsha mtaa mzima.

Nesi anayemfanyisha mazoezi alituonya tusimkatize kamwe, akasema ile ndiyo dawa yenyewe. Miezi ya mwisho kabla hawajazima, baba alikuwa anaitoa "a" ya "Amkeni", kisha "am". Mama alikuwa anajificha nyuma ya pazia asionekane akilia.

Asubuhi ya kwanza redio ilitoa mvumo mtupu. Akanionyesha betri, nikabadilisha. Akanionyesha antena, nikaizungusha, nikapanda juu ya kiti nayo kama mwehu, na huku najua fika kwamba wameshazima. Sikuwa na moyo wa kumwambia. Mama ndiye aliyemwambia, tena kwa hasira, utadhani baba ndiye aliyezima.

Nilikwenda stesheni. Binti wa mapokezi alinipokea vizuri, siwezi kumsingizia. "Dada, siku hizi tunatangaza usiku na mchana," akasema. "Hatufungui wala hatufungi. Hiyo ya kufungulia tutaiweka wapi?" Lakini fundi mitambo aliyefanya kazi na baba aliitafuta ile kanda, akaniwekea sauti kwenye simu.

Nikarudi mbio, nikidhani nimeshinda. Niliiweka simu mezani, baba akaisikiliza hadi mwisho, akageuza shingo kuelekea dirishani, akangoja. Nikabonyeza tena, akaisukuma simu kwa kiwiko, ikaanguka. Mama akasema, "Baba yenu hazungumzi na meza." Hapo ndipo nilipoelewa, mimi mnayeniita mwerevu wa nyumba hii. Hakuwa anakaa pale kujisikiliza. Alikuwa anazungumza na watu.

Redio ya mtandao nayo nimemfungulia. Kweli ni safi, kama ulivyosema. Mama anauliza ni redio gani hii inayoomba bando kama mtoto anayelilia peremende. Baba haitaki.

Sasa nije kwenye jambo lililonikalisha hapa. Jumatano nilikuwa jikoni nachemsha maji, saa yake ileile. Nikasikia sauti nzito, mbovu, nikadhani kuna mgonjwa barabarani. Kutoka, namkuta baba amesimama mwenyewe, ameshika nondo za dirisha, shati limefungwa hadi shingoni. "Amkeni," akasema. Neno zima, kaka! Akavuta pumzi, akasema tena, "Amkeni."

Fundi alikuwa palepale nje, anakanyaga cherehani, hedifoni masikioni, kichwa kinafuata muziki wake. Muuza maziwa akapita akiongea na simu. Mwalimu alikuwa dirishani kwake, macho kwenye simu na nyaya zinaning'inia masikioni. Si watu wabaya. Kila mtu siku hizi ana chake cha kusikiliza. Mimi na mama tuliitikia kwa nguvu zetu zote, lakini sisi si mtaa. Baba alingoja kidogo, kisha akafunga dirisha taratibu, akaenda kuvua shati.

Tangu siku hiyo haamki saa ile, wala hafungui mdomo, hata nesi ambembeleze vipi. Nilimweleza fundi, akalia kama mtoto. Sasa kila asubuhi anavua hedifoni na kukaa akingoja, na dirisha letu limefungwa. Inaniuma, kaka, inaniuma sana.

Msalimie wifi, nibusie watoto. Mama anakusalimu, na mafua yake asiyoyataka. Fundi anakusalimu, anasema ile suruali uliyomwachia bado anayo. Mungu akulinde huko uliko, na atukutanishe tukiwa bado tumetimia.

Baba naye angekusalimu. Lakini ujue kwamba alisema. Yeye alisema, mimi nikasikia, nami nimekuambia wewe usiyesikia.

Mdogo wako akupendaye daima,
Kasuku