Sauti Yako Iliyo Kwenye Karabai

Kwako mama, huko uliko,

Shikamoo. Hapa Buzebazeba tupo, na vitu vyako vipo, kila kimoja mahali pake, vinaongea.

Unakumbuka ulivyonicheka siku nilipoleta vile vibandiko vya QR nilivyovichapisha kwenye kiduka changu cha kutengeneza simu. Nilikueleza kwamba utasimulia habari ya kila chombo cha nyumba hii, mimi nitarekodi, halafu nitabandika kibandiko ili wajukuu watakaokuja wakikimulika kwa simu wakusikie. Ukaniuliza kama ungo nao utamtaja aliyeuazima akaurudisha umetoboka. Kisha ukaketi, ukajitengeneza khanga kama unapigwa picha, ukamtaja jirani kwa jina. Chungu cha mawese kikatueleza safari zako za Ilagala kabla sijazaliwa. Nilicheka kwa sauti, ndiyo maana rekodi ya chungu imejaa kelele zangu.

Karabai, taa ya baba ya kuvulia, tuliiacha mwisho. Ulikuwa unaipangusa kila wiki, ingawa wavuvi siku hizi wanatumia taa za sola na hiyo haijawashwa tangu niko shule. Ulisimulia ulivyokuwa bibi harusi mgeni kule Mwamgongo, dhoruba ikavuma baba akiwa ziwani kwenye dagaa, taa za mitumbwi zikazimika zote, ikabaki moja. Ulisema uliikazia macho ile moja, ukawa unaliita jina la baba mpaka sauti ikakauka. Halafu ukageukia barazani.

"Baba Zawadi, njoo umalizie mwenyewe. Mimi nilikuwa nchi kavu."

Baba alikuwa pale, redio mapajani. Hakuja. Ukasema huyu hataki, tukazima simu, tukala. Hukutuambia kwamba mvua za mwaka huu hazitakukuta.

Baada ya arobaini nilikimulika kibandiko cha karabai, nikitaka tu kukusikia. Sauti yako ikajaa sebule. Ulipofika pale pa kumwita, nikasikia kiti kinasogea barazani.

"Ego," baba akaitika kwa Kiha, kama alivyokuitikia maisha yangu yote. "Nakuja."

Akaingia. Akatazama kiti chako, akatazama simu mkononi mwangu, akarudi nje.

Niliogopa, mama. Wewe mwenyewe ulinifunza nikiwa mtoto kwamba marehemu akikuita huitikii, kwa sababu anayeitika anafuata. Na baba tangu siku hiyo akawa anaiomba rekodi hiyo. Kila alasiri ananiambia nimwekee ya karabai, na kila alasiri anaitika, anainuka. Akaanza kupungua mwili. Chakula akawa anakigusa tu. Jana nikaamua kuikata ile rekodi, iishie kwenye taa moja iliyobaki, jina la baba lisiitwe tena humu ndani. Nilikuwa nimeshaweka kidole niliposhtukia amesimama nyuma yangu.

"Usimkate," alisema.

Nikamwambia naogopa, nikamwambia na ninachoogopa. Akakaa kwenye kiti chako, akaiweka karabai mapajani, akanitaka niwashe simu nirekodi. Mama, alimalizia. Taa uliyoiona ilikuwa ya watu wengine. Yake ilizimika mapema, ikapigwa na mawimbi hadi ikabonyea hapo ulipokuwa ukipapangusa. Walikuwa gizani, hawajui nchi kavu iko upande gani, akasikia anaitwa. Wenzake wakamziba mdomo, maana sauti ya ziwani usiku haiitikiwi.

"Mimi niliitika," alisema. "Tukapiga kasia kuifuata ile sauti. Mama yako akaipenda hii taa akidhani ndiyo aliyoiona, nami nikamwacha aipende. Lakini aliyeturudisha ni yeye."

Kwa hiyo sikukata. Nimeziunganisha: wewe unaita, yeye anaitika, anamalizia. Hivyo ndivyo karabai itakavyosema kuanzia sasa.

Leo asubuhi ameipangusa mwenyewe kwa kipande cha khanga yako, akaomba niiweke tena. Ikafika mwisho, simu ikanyamaza, naye akabaki ametega sikio upande wa mlango. Nilimpikia samaki, migebuka ya mawese kama ulivyokuwa ukipika. Alikula nusu, akasema ni tamu, akasukuma sahani.

Najua ukimwita kweli atakuja. Hajawahi kukukatalia ila siku ile moja ya redio, na nadhani hiyo anaijutia. Ndiyo maana nakuandikia wewe, sikumwomba yeye asiitike. Nyumba inanitisha mama, na bado siwezi kuizima sauti yako, kwa kuwa nakukumbuka mpaka kifua kinauma. Ila nimebakiwa na huyu tu. Tafadhali, usimwite kwanza.

Mwanao uliyemwachia baba,
Zawadi