Alivyoniacha Barabarani Kansas

Farsta, Stockholm

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Dada Mkawasi aliniambia umeanza tena kwenda kanisani kwa miguu, nikafurahi. Mvua imefika huko Wundanyi? Hapa baridi imeanza. Nakaa kwa Consolata, yule rafiki yangu Mrundi ninayefanya naye kazi ya kutunza wazee.

Najua Mwadime alikupigia simu kabla yangu. Ndiyo maana uliniambia nirudi nyumbani Södertälje nikamwombe mume wangu radhi. Sasa nakuandikia usikie na upande wangu.

Ile safari ya baiskeli ya Marekani ilikuwa yake na wenzake wawili wa kiwandani, Erik na Johan. Aliniomba niende nao, nikakubali. Tuliendesha vizuri tu mpaka Kansas. Huko barabara imenyooka, ngano pande zote, upepo unakupiga usoni mpaka machozi yanatoka. Erik na Johan walikuwa wametangulia mbali. Mwadime alikuwa mbele yangu kidogo.

Mbwa alitoka kwenye shamba moja bila kubweka. Aliniuma mguu nikaanguka, baiskeli ikaniangukia. Nikamwita Mwadime. Alisimama, Mama. Aliweka mguu chini, akageuka, akaniangalia.

"Tulia tu, atakuachia," akasema.

Kisha akakanyaga pedeli, akaenda zake.

Mwenye mbwa alikuwa barazani. Alikuja polepole, akamshika mbwa wake mkanda wa shingoni, akaniambia sisi wapita njia tunamchosha. Hata maji hakunipa. Nilikokota baiskeli nikichechemea mpaka mama mmoja aliyebeba majani ya ng'ombe kwenye pikapu akanionea huruma, akanipeleka zahanati. Wakanishona, wakanidunga sindano za kichaa cha mbwa. Suruali ndefu niliyovaa kufunika bandeji alinipa mama huyohuyo.

Jioni niliwakuta Mwadime na wenzake kwenye hoteli tuliyopanga kulala, wanakula. Mwadime alikuwa akiwaigizia nilivyopiga mayowe, Johan anacheka. Erik hakucheka.

"Gari lako lilichelewa?" akaniuliza.

"Gari gani?"

"Mwadime alisema mbwa alikutisha tu, ukaita gari likuchukue. Sisi tulitaka kurudi."

Nikamgeukia mume wangu, nikamwuliza kwa Kitaita kama kweli alisema hivyo. Alinijibu kwa Kiswidi, wenzake wasikie. "Ungetuchelewesha. Watu wameingoja safari hii mwaka mzima." Akaomba apitishiwe chumvi.

Asubuhi nilipowaaga niende uwanja wa ndege, alikuwa ameinama anatia magurudumu upepo. Hakuinua kichwa. Aliniambia nikifika nimwagilie maua.

Sikuyamwagilia. Nilichukua nguo zangu na picha ya marehemu Baba, nikaja huku.

Uliponipigia, Mama, ulizungumza sana juu ya ndoa na aibu mbele ya kanisa. Nilingoja uniulize kama nimepona. Sikukasirika, ila nililia baada ya simu kukatika. Sirudi kwake, hata ukinuna mwaka mzima.

Nisalimie dada Mkawasi na watoto wake, na mjomba aliyetusimamia harusi. Yeye mweleze kwa upole, anampenda sana Mwadime. Na Mwadime akikupigia tena, mwulize mbwa aliniuma mguu upi. Hatajua.

Mwanao akuwazaye kila siku,
Wakesho